Kuchagua na Kufunga Ruta katika Nyumba ya Mawe ya Mji Mkongwe

Nyumba tunayoishi iko Mji Mkongwe wa Unguja, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukuta wa ukumbini, nilipoupima kwenye kizingiti cha mlango, una unene wa sentimita 55. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazizidi sana mita tatu, vyumba vimekuwa vyembamba na virefu, na kila baada ya hatua chache mtu hukutana na ukuta mwingine. Nyumba ya namna hii inapoza sana wakati wa kaskazi, lakini kwa mawimbi ya redio ni mtihani mkubwa. Nayaeleza haya mwanzo kwa sababu ndiyo yaliyoamua ninunue ruta gani, niiweke wapi, na fedha zaidi ziende kwenye kitu gani, ilhali maandishi ya kwenye boksi yaliamua machache sana.

Faiba inaingilia chumba cha chini kinachopakana na kichochoro, na fundi wa kampuni aliyetuunganisha alikifunga kisanduku chake humo humo, kwa kuwa hapo ndipo waya wake ulipoishia. Kisanduku hicho kina Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, bila yale ya gigahezi 5. Aliyekaa chini hakuwa na la kulalamikia. Mimi, hata hivyo, ninafanya kazi za hesabu za wateja katika ghorofa ya kwanza, na mama yangu pamoja na mpwa wangu anayesoma chuo kikuu wanakaa ghorofa ya pili, ambako mazungumzo ya video kati ya mama na ami yangu aliyeko Maskati yalikuwa yakiganda kila mama alipotoka ukumbini kuelekea chumbani kwake. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, na kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye kisanduku ilikuwa ikizipata zote. Maana yake ni kwamba kasi tuliyokuwa tukiilipia ilikuwa inafika nyumbani, kisha inapotelea ndani ya kuta, na kununua kifurushi kikubwa zaidi, kama jamaa mmoja alivyonishauri, kusingeongeza chochote huko juu.

Kabla ya kwenda dukani niliipima nyumba. Zipo programu za bure za simu za Android zinazoonesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi za desibeli, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi. Kila desibeli tatu zinapopungua nguvu hubaki nusu, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye kioo cha simu si ndogo hata kidogo. Hasi 50 ni hali nzuri sana, hasi 67 bado inatosha kwa video, na ukishapita hasi 80 hata ujumbe mfupi huenda kwa kusuasua. Penye kisanduku nilisoma hasi 42, nyuma ya ukuta mmoja hasi 60, nyuma ya kuta mbili hasi 78, na chumbani kwa mama jina la mtandao lilikuwa likitokea na kutoweka. Lililonivutia ni kwamba uani, ambako ni mbali zaidi na kisanduku kuliko chumba cha tatu, mawimbi yalikuwa bora kuliko katika chumba hicho, kwa sababu yalikuwa yakitokea mlangoni na kupanda katika uwazi wa ua bila kulazimika kupenya mawe. Nikachora ramani ya nyumba kwenye karatasi, nikaandika kipimo cha kila chumba, na karatasi hiyo ndiyo niliyokwenda nayo madukani Darajani.

Muuzaji alianza na boksi lenye picha ya ruta yenye antena nyingi. “Sheikh, hii ni AX3000, inakupa megabiti elfu tatu,” aliniambia. Namba hiyo si ya uongo, ila ni ya kujumlisha: kuna 574 za gigahezi 2.4 na 2402 za gigahezi 5, zote zikiwa kasi za juu kabisa zinazowezekana kinadharia, na simu ya kawaida huunganishwa na masafa mamoja tu kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye kifurushi cha megabiti 20 tofauti kati ya elfu tatu na elfu moja na mia tano haina uzito wowote. Gigahezi 5, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya namba hizo, ina kasi zaidi na msongamano mdogo zaidi, lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko gigahezi 2.4, na katika nyumba kama yetu hutumika vizuri ndani ya chumba chenyewe na pengine chumba kinachotazamana nacho kwa mlango. Isitoshe, mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Hata ruta ikiwa na sauti kubwa, simu nayo lazima ijibu, na nguvu ya simu ni ndogo. Halafu nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria, kwa hiyo ruta ya bei kubwa hairuhusiwi kupaza sauti kupita hapo.

Nilichokitafuta, basi, kilikuwa ruta mbili za bei ya kati badala ya moja ya bei kubwa. Maswali niliyomuuliza muuzaji hayakuwa ya antena. Nilitaka kujua kama ruta inaweza kuwekwa katika hali ya kituo cha Wi-Fi tu, bila kuvigawia vifaa anwani za mtandao yenyewe. Kama matundu yake ya kebo ni ya gigabiti au ya megabiti 100. Kama inatumia umeme wa volti 12. Na kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu yake ya ndani, jambo ambalo nilithibitisha mwenyewe kwa kutazama tovuti ya mtengenezaji nikiwa nimesimama pale pale kaunta. Nikachukua AX1500 kwa ghorofa ya kwanza, yaani ruta ya kizazi cha Wi-Fi 6, na AC1200 ya kizazi cha kabla yake, Wi-Fi 5, kwa ghorofa ya pili. Hiyo ya pili matundu yake ni ya megabiti 100, na kwa matumizi ya juu yanatosha na kubaki.

Njia nyingine nilizifikiria na kuziacha. Ripita ya kuchomeka ukutani ni rahisi, lakini hupokea na kurusha kwa redio ile ile, hivyo kasi hupungua takriban nusu, na kibaya zaidi ni kwamba inarudia mawimbi yale yale dhaifu yaliyokwisha chujwa na ukuta. Adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme nilizitilia shaka kwa sababu nyaya za nyumba yetu zimeongezwa vipande vipande kwa vizazi. Seti za mesh, yaani vituo kadhaa vinavyopokezana mtandao kwa redio, ni nzuri kwa nyumba za kuta nyepesi. Kwetu vituo vyake vingelazimika kuzungumza kupitia mawe yale yale, na ukivifungia kebo ili visihangaike, umefanya nilichokifanya mimi kwa gharama kubwa zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa kebo. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi, na mtu hajitobolei ukuta wa nje wala kutandaza nyaya mbele ya nyumba bila kibali, kwa hiyo tulipita ndani, kutoka chumba cha chini hadi uani, kisha kwa pembeni ya ngazi hadi juu. Fundi mzee niliyemwita alikataa katakata kutumia nyundo. “Mwanangu, ukuta huu haupigwi. Utatoboa hapa, plasta itakuangukia kule,” alisema, nami nikamjibu, “Wewe ndiye mwenye kazi, Mzee.” Akatafuta tundu la zamani lililokuwa limepitishwa waya wa antena ya televisheni, akalisafisha, akapitisha kebo humo, na mwishoni akaliziba kwa chokaa, si kwa saruji, kwa kuwa saruji huzuia ukuta wa matumbawe usitoe unyevu wake na plasta iliyo pembeni huanza kubanduka.

Kebo yenyewe inataka macho. Madukani zimejaa kebo ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba, nazo huuzwa kwa rangi na maandishi yale yale ya kebo halisi. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, hukatika ikikunjwa mara kadhaa, na katika hewa yetu ya chumvi ncha zake huharibika mapema. Njia ya kuitambua ni kukwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, irudishe. Nilinunua kebo ya daraja la Cat5e ya shaba tupu, yenye ganda la kustahimili jua kwa ile sehemu ya uani, na sikuona haja ya daraja la juu zaidi, kwa sababu Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100 na safari yetu yote haifiki theluthi ya hapo. Vichwa vya RJ45, vile vya kuchomeka kebo kwenye ruta, tulivibana kwa mpangilio mmoja wa rangi pande zote mbili, kisha tukapima kwa kifaa chenye taa nane ili kuhakikisha kila uzi umefika.

Mahali pa kuziweka ruta palizua mjadala wa kifamilia. Mama alitaka ya ghorofa ya pili ifichwe nyuma ya kabati la vioo, kwa hoja kwamba haipendezi ukumbini, lakini vioo vya kabati vina madini mgongoni ambayo huyarudisha mawimbi. Tukakubaliana iwekwe juu ya rafu, karibu na mlango unaofungukia roshani ya ua, ili mawimbi yatumie milango na uwazi badala ya kushindana na kuta. Antena nazo zina tabia yake: mawimbi huizunguka antena kama bangili inavyouzunguka mkono, kwa hiyo iliyosimama wima hutawanya kwa upana wa ghorofa ile ile na kupeleka kidogo sana juu na chini. Kwenye ruta ya ghorofa ya kwanza nilisimamisha antena zote isipokuwa moja, ambayo niliilaza ili isaidie kidogo kwenye ngazi.

Mipangilio niliifanya kwa kompyuta iliyochomekwa kwa kebo. Kisanduku cha kampuni kinatumia anwani 192.168.1.1, na ruta zote mbili zilitoka kiwandani zikiwa na anwani hiyo hiyo, jambo ambalo lingeleta mgongano, kwa hiyo nilizichomeka moja moja, nikazipa 192.168.1.2 na 192.168.1.3, nikazima ugawaji wao wa anwani, na kuacha kazi hiyo kwa kisanduku peke yake. Kwa upande wa chaneli, yaani vigawanyo vya masafa, katika gigahezi 2.4 zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Vichochoro vyetu ni vyembamba na nyumba za wageni ni nyingi, na programu ya simu ilionesha mitandao ya majirani imerundikana kwenye chaneli ya 6. Nikaipa chini chaneli ya 1, ghorofa ya kwanza 11, na juu 1 tena, kwa kuwa chini na ghorofa ya pili hazisikiani sana, zote kwa upana wa megahezi 20. Katika gigahezi 5 nilibaki na chaneli ya 36, kwa sababu zile za kuanzia 52 hadi 144 huilazimu ruta isikilize kwanza kama kuna rada na kuhama ikiisikia.

Jina la mtandao na nenosiri ni moja nyumba nzima ili simu ihame yenyewe. Simu nyingi, hata hivyo, zina ukaidi: hung’ang’ania kituo cha mbali ilhali cha karibu kipo. Dawa yake ilikuwa kupunguza nguvu ya kurusha ya kisanduku cha chini, jambo ambalo watu hushangaa nikiwaambia, lakini mawimbi ya chini yalipodhoofika ngazini simu zilianza kuyaachia mapema.

Usalama sikuupa muda mrefu, ila sikuuruka. Nilibadilisha nenosiri la msimamizi, nikasasisha programu ya ndani, na nikazima WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa namba fupi badala ya nenosiri, ambayo udhaifu wake ulitangazwa mwaka 2011: namba yake ya siri ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, kwa hiyo mdukuzi hahitaji zaidi ya majaribio 11,000. Kwa usimbaji wa Wi-Fi nilichagua WPA2 na WPA3, ya zamani na mpya, kwa pamoja kwa sababu printa yetu ya zamani haiijui WPA3. Wageni, ambao siku za Idi hawahesabiki, wana mtandao wao.

Umeme ukikatika, ruta zote na kisanduku hubaki hai kwa UPS ndogo, yaani betri za akiba, za volti 12, zile zisizo na haja ya kugeuza umeme kuwa wa ukutani. Boksi la UPS ya chini linasema 8800 mAh, lakini namba hiyo huhesabiwa kwa betri za ndani za volti 3.7, yaani takriban wati 33 kwa saa moja. Kisanduku na ruta ya ghorofa ya kwanza, iliyofikiwa kwa waya mrefu wa umeme, hula wati 13 hivi kwa pamoja, na ukiondoa kinachopotea njiani tunapata kama saa mbili. Kabla ya kununua hakikisha plagi inalingana na volti ni zile zile, maana zipo ruta za volti 9.

Sasa chumbani kwa mama kipimo ni hasi 58, nami mezani kwangu ni hasi 45 kwa gigahezi 5. Chumba cha nyuma, kilicho nyuma ya kuta tatu, tumekiacha bila Wi-Fi. Mpwa wangu akihamia humo wakati wa mitihani, huchomeka kompyuta yake kwa kebo.