Bega lililoganda: jinsi nilivyolilegeza

Baada ya kuanguka, bega la kulia liliganda: kufunga kanga, kuchana nywele, kulala upande ule, vyote vilinishinda. Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika. Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba mfuko unaozunguka kiungo huvimba kisha husinyaa, na mkono ukiachwa bila kuchezeshwa unazidi kukaza. Tatizo hili huwapata zaidi wenye kisukari.

Kwanza kitambaa cha maji ya moto begani. Kisha nainama nimeshika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa unaning'inia, nauzungusha taratibu. Halafu vidole vinapanda ukutani mpaka panapovuta, si panapochoma. Jamani, msilazimishe! Usiku, mto mdogo chini ya mkono ulinipa usingizi. Ilichukua miezi mingi, ila sasa naanua nguo kambani bila msaada.