Nilikuwa naangalia Ottawa tu kumbe mlango uko jimboni

Miaka yangu miwili ya kwanza hapa Kanada nilikuwa nahangaika na Ottawa tu, yaani serikali kuu, kila wakitangaza duru mpya ya kuchota watu kwenye Express Entry, mfumo wao wa kuwapanga kwa pointi wanaotaka ukaazi wa kudumu (PR), nafungua simu hapo hapo, pointi hazifiki, nafunga, narudi kazini. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mlango mwingine na ufunguo wake hauko serikali kuu, anao jimbo.

Iko hivi. Katiba yao ya 1867, kifungu cha 95, inasema uhamiaji ni wa serikali kuu na majimbo pia. Quebec wana mkataba wao wa 1991, wahamiaji wa kiuchumi wanachagua wenyewe, na bila Kifaransa utasota. Majimbo mengine yana programu za kupendekeza watu, Manitoba walianza mapema, 1998, maana wageni wote walikuwa wanakimbilia Toronto na Vancouver, nani anataka kuja kugandishwa na baridi ya Winnipeg? Sasa jimbo likikupendekeza kupitia Express Entry unaongezewa pointi 600, mia sita jamani, hata kama ulikuwa unaburuza mkia barua ya mwaliko inakuja. Afya na usalama bado anakagua Ottawa na PR anatoa yeye, ila kama anatakiwa nesi au dereva wa lori, hilo jimbo ndo linajua.

Mimi nikahama, nikapata kazi jimbo dogo, mwajiri akaandika barua, nikatoboa. Wapo wanaoapa watakaa halafu PR ikitoka tu haoo, Toronto. Sheria inawaruhusu, ukishakuwa na PR unaishi popote, lakini binafsi siipendi, jimbo likishaona limeachwa kwenye mataa linakaza masharti na anayeumia ni yule anayekuja nyuma.

Ila msijidanganye kwamba majimbo yana nguvu sana, mwenye kisu kikali bado ni Ottawa. Lengo la wanaopitia majimboni 2024 lilikuwa 110,000, kwa 2025 wakalishusha mpaka 55,000, yaani nusu imepigwa panga, na majimbo yalilalamika weee. Rafiki yangu faili lake lilikuwa tayari kabisa wakati huo. Mpaka leo tukikutana haulizi habari za nyumbani wala mpira, anauliza tu, "vipi, jimbo wamechota tena?"