Ukuta wa kuzuia udongo: kazi iko nyuma ya bloku

Ukuta wa bloku zinazopangwa bila saruji ukibinuka, lawama huenda kwa bloku. Mara nyingi mkosaji ni maji. Chukua ukuta wa kimo cha mita 2: changarawe kavu iliyo nyuma yake huusukuma kwa takriban kilonyutoni 12 (kipimo cha nguvu) kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Changarawe hiyo ikijaa maji hadi juu, msukumo unafika karibu 25. Kwa hiyo fundi anayekwepa gharama ya kokoto na bomba la kutolea maji anauongezea ukuta mzigo maradufu, na mvua za Machi hadi Mei hazikawii kumwonyesha.

Kwa ukuta wa mita 1 unaoonekana, chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 30. Sentimita 15 za chini ni msingi wa kokoto iliyochanganyika na vumbi la mawe, ishindiliwe hadi ikaze. 15 za juu ni za kuzika safu ya kwanza. Msingi wa zege si lazima. Safu hiyo ya kwanza ndiyo ya kupoteza muda: pima usawa kwa pimamaji, kwa urefu na kwa upana, kwa kila bloku, kwa sababu kosa la milimita 3 chini haliwezi kufichwa juu.

Nyuma ya bloku weka kokoto safi, isiyo na vumbi, unene wa sentimita 30, na bomba lenye matundu la milimita 100 chini kabisa, likielekea mahali pa kutokea. Kwa ukuta wa mita 10, kokoto hiyo ni kama mita 3.5 za ujazo. Kitambaa cha kuchuja kiitenge na udongo, la sivyo matope huiziba.

Udongo wa kujazia ushindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Karibu na bloku, ndani ya mita 1, tumia mashine ndogo ya mkono tu; rola husukuma ukuta nje. Udongo mweusi, ule wa Embakasi, Nairobi, usirudishwe humo kamwe: ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka. Nunua murram, udongo mwekundu wenye changarawe.

Ukuta ukizidi mita 1.2, au gari likipita juu yake, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Hapo jiogridi, wavu imara wa plastiki unaotandazwa kati ya tabaka za udongo, huhitajika, na kwa kawaida huingia nyuma angalau asilimia 60 ya kimo cha ukuta. Aina nyingi zina upande mmoja wenye nguvu. Huo uelekee nyuma, ndani ya udongo unaozuiwa. Kuitandaza sambamba na ukuta kwa sababu jiogridi iliyoviringishwa inafunguka vizuri hivyo ni kosa baya mno, na halionekani likishafunikwa.

Juu malizia kwa udongo usiopitisha maji kirahisi, sentimita 20, na mfereji wa kuyaelekeza maji ya paa kwingine. Mdomo wa bomba uwekewe wavu, na uzibuliwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.