Mkanda wa Jeshi Ulipompata Bibi

Mkanda wa jeshi ulimpata bibi mzaa mama mwezi Juni 2008, nyumbani kwake Muheza, mkoani Tanga, nikiwa likizo ya kidato cha tano katika mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Nasema ulimpata mwezi huo kwa sababu ndivyo tulivyoona sote pale nyumbani, ingawa kirusi chenyewe, kama tulivyokuja kuelezwa wiki ile ile, alikuwa amekaa nacho mwilini tangu utotoni, zaidi ya miaka 60, bila yeye wala mtu mwingine kukihisi.

Ulitangulia kwa maumivu matupu. Bibi alilalamika kwamba ubavu wake wa kulia unawaka, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi, na alipoulizwa unawaka vipi alijibu kwamba ni kama mtu anayempitishia pasi ya mkaa juu ya ngozi, akaiondoa, kisha akairudisha pale pale. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Mjomba alisema ni kichomi, kwa kuwa bibi hakuacha kwenda alfajiri kwenye umande kuangalia michungwa yake, na dawa za kutuliza maumivu zikanunuliwa katika duka la dawa la jirani. Hazikufua dafu. Usiku alilala kwa ubavu wa kushoto tu, na mimi niliyelala chumba kimoja naye nilimsikia akivuta pumzi kidogo kidogo, kama anayeogopa kifua kisije kikajaa kikagusa shuka.

Niliviona vipele asubuhi moja nilipokuwa nikimkanda mgongo. Vilikuwa vyekundu, vimekusanyika mafungu mafungu karibu na uti wa mgongo, na fungu jingine lilikuwa kwapani, likishuka kuelekea mbele. Kufikia jioni, baadhi yake vilikuwa vimejaa maji maangavu na kuwa malengelenge madogo, yenye ngozi nyembamba kiasi kwamba mwanga wa taa ulipenya ndani. Mkaza mjomba alipotazama hakuhitaji kuambiwa. Alichemsha majani ya mwarobaini, akatenga beseni, na kabla maji hayajapoa mtaa mzima ulikuwa umejua.

Jirani mmoja mzee alikuja kumjulia hali, akamwinua khanga kwa upole, akatuambia tuuangalie mkanda ule usiku na mchana, kwa maana ncha zake mbili zikikutana, mgonjwa hana siku. Alisema kwa huruma ya kweli, na bibi alimwamini. Jambo la pili halikusemwa na mtu yeyote kwa sauti, lakini lilikuwa limekaa nasi sebuleni. Mwezi Julai wa mwaka uliotangulia, Rais Kikwete alikuwa amezindua kampeni ya kitaifa ya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari, na mkanda wa jeshi ulikuwa tayari umejulikana vijijini na mijini kama dalili ya ugonjwa huo. Ujuzi huo haukuwa wa uzushi: madaktari katika nchi zetu waliona mapema kwamba kijana akipatwa na mkanda wa jeshi, mara nyingi kinga yake huwa imeguswa na virusi. Lakini dalili ilikuwa imegeuzwa hukumu, na mwanamke mjane mwenye wajukuu, anayeswali swala zake tano na kulima shamba lake, akaanza kutazamwa kwa jicho ambalo hakuwahi kutazamwa nalo maisha yake yote.

Kesho yake nilikwenda naye zahanati. Aliyetupokea alikuwa tabibu wa makamo, mtu asiye na haraka, ambaye bibi alimwitikia shikamoo yake huku ameshika ubavu. Hakuuliza maswali mengi. Alimwomba anipe khanga niishike, akamgeuzia mgongo dirishani penye mwanga, kisha akachukua kalamu iliyofunikwa na, bila kugusa ngozi, akaifuatisha njia ya vipele kuanzia kwenye uti, chini ya bega, kupita ubavuni, kuteremka kidogo, hadi mbele chini ya titi. Hapo katikati ya kifua kalamu ikasimama. Akaniita nitazame. Vipele vilikoma kwenye mstari ule wa katikati, na upande wa kushoto hapakuwa na hata kimoja.

"Mama, umeambiwa mkanda ukikutana utakufa?" aliuliza.

"Ndivyo wasemavyo, baba."

"Haukutani, kwa sababu hauna njia ya kukutana."

Kisha akaeleza, na maelezo yale ndiyo yaliyonifanya nishike njia niliyoishika baadaye. Kutoka kwenye uti wa mgongo wa binadamu hutoka jozi 31 za neva, na 12 kati ya hizo ni za kifua. Kila jozi ina neva ya kulia na neva ya kushoto, na kila moja inahudumia ukanda wake wa ngozi upande wake tu, hadi katikati ya mwili, ambapo inamwachia mwenzake. Karibu na mahali neva inapoingia utini pana kifundo kidogo chenye miili ya seli za hisia, zile zinazouambia ubongo kwamba hapa pameguswa, hapa pana moto, hapa panauma. Bibi alipougua tetekuwanga akiwa mtoto, virusi viliijaza ngozi yake vipele, na baadhi yake vikapanda kwa kupitia nyuzi za neva hadi ndani ya vifundo hivyo, vikalala humo. Sasa katika kifundo kimoja, cha upande wa kulia, virusi vimeamka, na vimerudi kwenye ngozi kwa njia ile ile vilivyoijia, vikiunguza neva yenyewe vinapopita. Ndiyo sababu maumivu yalitangulia vipele. Kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, vipele vinaweza kutapakaa zaidi ya ukanda mmoja, lakini hata hapo kinachomdhuru mgonjwa ni kule kuenea kwa virusi, wala si ncha kugusana.

Nilimuuliza kwa nini kinga ya mwili, ambayo shuleni tulifundishwa kwamba inakumbuka kila adui, ilimwacha adui huyu miaka yote hiyo. Alifurahia swali, nadhani, maana alikaa chini kulijibu. Kinga haikusahau, alisema. Wakati wa tetekuwanga mwili ulitengeneza kingamwili, zile protini zinazovinasa virusi vilivyo nje ya seli, na pia ulizalisha seli T, ambazo kazi yake ni kuzikagua seli zetu wenyewe na kuziua zile zilizokwisha kuingiliwa. Seli ya ngozi ikiuawa haina hasara, kwa kuwa nyingine itaota. Seli ya neva haina badala yake: ikifa, imekufa na kazi yake. Kwa hiyo mwili huizuia kinga isipige kwa nguvu ndani ya neva, na kirusi nacho, kikiwa kimelala, hakitengenezi karibu kitu chochote kinachoweza kukifichua. Kinachokibana kisitoke ni seli T za kumbukumbu, na hizo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga. Kingamwili anazo bado, alisema akimtazama bibi, lakini walinzi wa upande huu wamechoka.

Nimesoma mengi tangu siku ile, na bado sijaona mahali ambapo mifumo hii miwili, ule wa kinga na ule wa fahamu, inaonekana wazi kwa macho matupu kama katika ngozi ya mgonjwa wa mkanda wa jeshi. Hata ramani ya neva iliyomo kwenye vitabu vya udaktari inatokana kwa sehemu na wagonjwa hawa. Mwaka 1900, Mwingereza Henry Head na Mwaustralia Alfred Walter Campbell walichapisha uchunguzi wao wa miili ya watu 21 waliofariki baada ya kupata mkanda wa jeshi: walilinganisha makovu ya ngozi na kifundo cha neva kilichoharibika, wakaonyesha kwamba ukanda fulani ni wa neva fulani. Kalamu ya tabibu wa Muheza ilikuwa inafuata mstari ambao wale wawili waliuchora.

Tabibu aliandika asiklova, miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba, akasisitiza kwamba bahati yetu ni kuja mapema, kwa sababu dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Dawa hiyo hupenya katika kazi ya kirusi ya kujinakili na kuikata katikati, ila haikigusi kilicholala kifundoni. Baada ya hapo alimshauri apime virusi vya UKIMWI. Aliusema ushauri huo kwa sauti ile ile aliyotumia kuandika dawa, akaeleza kwamba umri peke yake unatosha kuleta mkanda, lakini kupima ni haki ya mgonjwa, na anayejua hali yake hutibiwa vizuri zaidi. Bibi alinyamaza kidogo, akauliza kama nitaruhusiwa kukaa naye, akapimwa. Hakuwa na virusi. Njiani kurudi nilimuuliza kama tuwaambie majirani ili waache minong'ono, akakataa.

"Mke mwenzangu," alisema, kwani ndivyo alivyoniita siku zote, "anayetaka majibu yangu na aje kwanza anichotee maji."

Hakuwaambia hadi mwisho, na nilimheshimu kwa hilo, maana alikuwa ameelewa kwamba akijitetea kwa majibu yale, atakuwa amewatia hatiani wengine ambao majibu yao yalikuwa tofauti.

Tulionywa pia juu ya mtoto wa mjomba, aliyekuwa na miaka mitatu na hajawahi kuugua tetekuwanga. Maji ya malengelenge yana virusi hai, na anayeyagusa bila kinga haambukizwi mkanda, bali tetekuwanga. Bibi alifunika vidonda kwa kitambaa safi, lakini mtoto alikuwa amekwisha kulala naye siku za mwanzo, kabla hatujaenda zahanati, na baada ya wiki mbili hivi akatokewa na vipele mwili mzima, na homa kidogo. Alipona upesi. Nilipokuwa nikimpaka dawa, nilikuwa nikimwazia bibi akiwa na umri ule, kabla ya Uhuru, akiwashwa na kirusi ambacho sasa kimeshuka moja kwa moja hadi kwa mjukuu wake bila kupita kwa mtu mwingine. Daktari mmoja wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, Edgar Hope-Simpson, alilitambua jambo hili alipofuatilia familia katika kisiwa cha Yell, kaskazini ya mbali ya Uskochi, na mwaka 1965 alieleza kwamba katika jamii ndogo kirusi huendelea kuishi ndani ya wazee, kikisubiri watoto wapya wazaliwe.

Vidonda vya bibi vilikauka, magamba yakadondoka, yakabaki makovu meupe. Maumivu hayakuondoka. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na ndilo linalonifanya niandike. Khanga ikimgusa ubavuni alishtuka. Upepo wa dirishani ulimuuma. Alishona mfuko laini wa kuvaa ndani ya gauni upande mmoja, na bado alikuwa akitembea ameinua mkono. Watu waliokuwa na huruma naye alipokuwa na vidonda waliishiwa nayo walipoona ngozi imepona: wengine walisema anadeka, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Lakini neva iliyounguzwa huweza kuendelea kutuma habari za moto ambao haupo, na mguso wa kawaida ukafika kwenye ubongo ukiwa maumivu. Maumivu hayo yako kwenye neva, wala hayamo katika tabia ya mgonjwa.

Tuliporudi zahanati, tabibu aliandika amitriptilini, kidonge kimoja kidogo kila usiku. Dukani muuza dawa alitamka mbele ya watu kwamba hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili, na bibi akaiacha juu ya kaunta akatoka. Ilibidi tabibu mwenyewe aje nyumbani jioni, anywe chai nasi, amweleze kwamba dawa hiyo hutumika kweli kwa wenye sonona, kwa kipimo kikubwa zaidi, lakini kwa kipimo kidogo huzituliza neva zinazopeleka maumivu, hata kwa mtu ambaye akili zake ni timamu kuliko za wote waliokaa barazani. Alimwambia pia kwamba isitarajiwe kufanya kazi siku ya kwanza. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza inaanza kufanya kazi lini hasa, akaambiwa ni wiki kadhaa, akasema hizo anaziweza.

Nilirudi shule bado anainua mkono. Likizo ya Desemba nilimkuta amevaa khanga zake mbili kama zamani, ingawa siku za baridi ubavu ulimkumbusha, na tayari mwanamke wa mtaa wa pili, aliyetokewa na vipele shingoni, alikuwa ameletwa kwake badala ya kwa yule mzee wa ncha mbili. Bibi hakumwinua nguo wala hakuuliza habari za mumewe. Alimuuliza vipele vilionekana siku gani, akahesabu kwa vidole, kisha akamwambia avae viatu, akaenda naye zahanati kabla ya adhuhuri.