Modemu yangu ilikuwa inajizima yenyewe

Jamani wiki mbili hizi modemu ya intaneti ya hapa kwangu Njiro, Arusha, imenitesa, inazima inawaka yenyewe kila baada ya dakika kumi hivi, mtoto yuko katikati ya somo unasikia tu "mama imekata tena". Nikaikaza koneka ya waya, wapi. Nikaitoa juu ya dekoda maana ilikuwa inachemka, nikaiweka dirishani ipate hewa, wapi.

Juzi kati usiku nikakaa gizani naangalia taa zake tu, ndo nikagundua ikizima taa zote zinakufa kwa mpigo, hadi ya pawa! Ingekuwa ni laini, ya pawa ingebaki inawaka. Kumbe ni umeme.

Asubuhi nikabeba adapta mpaka kwa fundi Kilombero, imeandikwa volti 12, akaipima ikiwa na mzigo, yaani ikiwa inalisha kifaa umeme, ikashuka hadi 9 na kidogo, akaipasua, kapasita, kile kikopo kidogo cha ndani kinachotuliza umeme, imevimba kichwa kama andazi. Nimechukua nyingine ya volti 12 na ampia zilezile, nikahakikisha na ncha inaingia sawasawa. Leo siku ya nne haijakata hata mara moja, na huduma kwa wateja walikuwa wananiambia ninunue modemu mpya.