Mkopo unalipa lami, watu wa pembeni analipa nani?

Hapa Mombasa ukiuliza barabara ya Dongo Kundu kajenga nani wengi watakwambia Wachina, na si ajabu, maana ule upande wa Miritini kuja Mwache na Kipevu uliofunguliwa 2018 kontrakta alikuwa Mchina kweli, tulikuwa tunawaona pale kila siku. Lakini pesa ilikuwa mkopo wa Japani kupitia JICA, shirika lao la maendeleo, na daraja la Mwache na lile refu la Mteza, karibu kilomita moja na nusu juu ya maji, wakajenga Wajapani wa kampuni ya Fujita na wenzao. Barabara ya Mombasa kwenda Mariakani nayo ina Benki ya Maendeleo ya Afrika kipande cha huku mjini hadi Kwa Jomvu, halafu mbele kuna Wajerumani wa KfW, benki yao ya maendeleo, benki ya uwekezaji ya Ulaya na Umoja wa Ulaya wenyewe. Hata daraja la Nyali la 1980 ni pesa ya Japani. Yaani sisi watu wa Pwani tumekuwa tukipita juu ya mikopo ya watu miaka yote.

Na mie sina ugomvi na barabara, tuelewane hapo mapema. Mtu anayejua foleni ya feri Likoni saa kumi na moja jioni, malori, mikokoteni, mama na mtoto mgongoni wote wamebanana kwenye ile ramp, hawezi kusema Dongo Kundu haina maana. Saa hizi gari inatoka Miritini inatokea Kibundani, upande wa Kwale, bila kugusa feri, na mgonjwa wa Kwale akiwa anakimbizwa Mombasa hio ni tofauti kubwa sana.

Shida yangu iko mahali pamoja. Mikopo hii huwa inalipa kontrakta na konsaltanti, yaani lami, vyuma, simiti, mashine. Ardhi yenyewe na watu walioko juu yake kwa kawaida huachiwa serikali yetu, itoe kwenye bajeti yake. Kwa hivyo mradi mmoja una mifuko miwili na haiendi mbio sawa. Mfuko wa nje una mkataba na una tarehe, kontrakta akicheleweshwa anadai hasara. Mfuko wetu unangoja bajeti, bajeti ikikatwa katikati ya mwaka kitu cha kwanza kusogezwa mbele ni fidia, kwa sababu mwenye kibanda hana wakili wa kupiga simu Hazina ya serikali. Tingatinga linafika kabla ya cheki, na tingatinga halingoji mtu.

Shangazi yangu yalimkuta. Nyumba ya vyumba vinne pembeni ya barabara, viwili anakaa viwili amepangisha, mbele ana meza ya viazi karai na mahamri. Siku moja vijana wakaja na rangi nyekundu wakapiga X ukutani na namba chini yake, baadaye akaja mwengine na karatasi akahesabu vyumba, choo, minazi mitatu na mwembe, akamwambia mama weka sahihi hapa. Akaweka. Nakala hakupewa. Wapangaji walipoiona ile X wakahama, nani atakaa nyumba yenye alama, kwa hivyo kodi ikakatika hata kabla jiwe moja halijaanguka. Hela ilipokuja alikuwa ashahamia chumba cha kukodi kitambo, wateja wa mahamri washapata mtu mwengine, na ilikuwa ya kuta na miti tu. Ya ardhi hamna kwa sababu hana hati.

Na hapo kwa hati ndo uchungu wa Pwani ulipo. Watu wamezaliwa hapo, wamezika wazee wao hapo, lakini kwenye makaratasi wanaitwa maskwota. Katiba ya 2010 kifungu cha 40 inasema ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma mtu alipwe haraka na kikamilifu, na inaruhusu hata anayekaa kwa nia njema bila hati afidiwe. Inaruhusu, haijalazimisha. Halafu 2019 bunge likarekebisha sheria ya ardhi, hio “haraka” ikawa inaweza kufika mpaka mwaka mzima baada ya serikali kuchukua ardhi. Mwaka mzima! Mtu ashabomolewa, analala wapi? Mie naona marekebisho yale yalikuwa dhulma kabisa na yanafaa kurudishwa bungeni.

Ajabu ni kwamba wanaotukopesha wana masharti makali kuliko yetu. JICA na Benki ya Maendeleo ya Afrika zote zina miongozo inayotaka mtu alipwe kiasi cha kuweza kujenga tena, alipwe kabla ya kuhamishwa, na asiye na hati asiachwe mikono mitupu. Zote mbili zina mahali huru pa kupeleka malalamiko, na wananchi wa kawaida wanaweza kuandika barua kule. Ni wangapi Jomvu au Tsunza, barabara hizi zilikopita, waliambiwa hivyo? Kwenye vikao vya baraza tunaambiwa faida za mradi, kazi za vijana, soda inagawanywa, watu wanatawanyika.

Nayasema haya saa hizi kwa sababu daraja la Likoni, lile la Mombasa Gate, mkopo wake wa Japani umezungumzwa miaka sasa na njia yake inapita kwenye makazi ya watu. Ndugu zangu wa Likoni, msingoje X. Pigeni picha za nyumba sasa hivi, ndani na nje, na miti, na biashara, wekeni risiti na daftari za mauzo hata kama ni za kuandika kwa mkono. Andikeni majina ya wapangaji. Siku ya kuhesabiwa usiweke sahihi bila kupewa nakala, na kikaoni swali la kwanza liwe hela ya fidia iko kwenye bajeti ya mwaka gani na imeshatoka au bado. Wakisema bado, muombe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na mpewe nakala yake pia.