Jinsi nilivyorudisha metadata ya Hive, na ushauri wote niliokataa

Nianze na ushauri mbaya, maana ndio ulionifanya niandike. Ukipoteza metadata ya Hive (Hive ni programu ya kuuliza data nyingi kama majedwali, na metadata ni maelezo ya majedwali hayo na mahali faili zake zilipo), kila mtu mjini atakuambia, "Endesha MSCK REPAIR TABLE, dada, mambo yatarudi yenyewe." Niliambiwa hivyo na kaka mmoja mshauri anayelipwa na kampuni yetu kwa saa, nikaambiwa na vijana wa grupu la WhatsApp, na hata dawati la msaada la hao waliotukodisha klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja). Wote kwa kujiamini kabisa. Lakini MSCK inapitia folda za jedwali ambalo Hive tayari inalijua, kisha inasajili patisheni (vipande vya jedwali, kila kimoja na folda yake) ambazo hazijaandikwa. Kama jedwali lenyewe limefutika kwenye daftari, yaani kwenye hiyo metadata, itapitia folda za nani? Na VIEW (maswali yaliyohifadhiwa kwa jina) je, ambazo hazina folda popote, ni maandishi tu ndani ya metadata?

Ofisi yetu iko Mikocheni, tunachambua mauzo ya wasambazaji wa bidhaa za madukani. Faili za data ziko kwenye hifadhi ya wingu, na klasta ya Hive na Spark (programu nyingine ya kuchambua data, inayosoma metadata hiyohiyo) tumekodi, seva zake ziko Ulaya. Hive haijui lolote kuhusu faili hizo mpaka isome metastore, yaani hifadhidata ndogo ya MySQL inayosema kuna majedwali gani, yana kolamu zipi na faili zake ziko wapi. Kwenye klasta ya zamani MySQL hiyo ilikaa ndani ya nodi kuu, yaani seva inayoongoza nyingine, jambo la kawaida kwenye klasta za kukodi usipoomba vingine. Niliomba zaidi ya mara moja itolewe nje, nikaambiwa bajeti. Kisha uhasibu wakaona bili, wakabana matumizi, klasta ikafungwa Ijumaa jioni ili ifunguliwe mpya, toleo jipya, ndogo zaidi. Nodi kuu ikaondoka na daftari lake.

Data yenyewe ilikuwa salama. Wiki chache kabla ya hapo ilishanakiliwa kwenye ndoo mpya ya hifadhi (ndoo ni kama folda kuu huko kwenye wingu). Ndoo ya zamani ilikuwa bado haijafutwa, na kumbukeni hilo, litatusumbua huko mbele.

Kilichotuokoa ni skripti yangu ya usiku (najisifu kidogo, nivumilieni) inayoendesha mysqldump (amri ya kunakili hifadhidata ya MySQL kwenye faili) na `--single-transaction` na kupeleka faili kwenye hifadhi. Yule kaka mshauri alipoiona akasema haifai: "Hii ni ya Alhamisi, mzigo wa data wa Ijumaa alfajiri haumo. Bora tutengeneze majedwali upya kwa mkono." Jina la faili kweli lilikuwa na tarehe ya Alhamisi. Lakini seva zinahesabu saa za UTC, saa tatu nyuma ya Dar, na skripti inaanza 23:00 huko. Ongeza tatu, unapata saa nane usiku ya Dar, Ijumaa tayari. Mzigo wetu wa alfajiri unaingia saa saba usiku. Kwa hiyo ulikuwamo. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la tatu, akakaa kimya, lakini saa zake alilipwa.

Nilipokuwa nabishana naye, vijana wawili wa ofisini walishaanza kutengeneza majedwali kwenye klasta mpya kwa kuyaelekeza kwenye folda za data halisi. Walisahau neno EXTERNAL, linaloiambia Hive kwamba faili si zake kuzifuta. Nikaangalia kolamu ya TBL_TYPE ndani ya TBLS, orodha ya majedwali kwenye metastore: MANAGED_TABLE, yaani Hive ndiyo mmiliki wa faili, yote. Hapo ndipo kaka mshauri akatoa lulu yake nyingine: "Safisha kwanza, piga DROP DATABASE CASCADE, halafu urudishe bakapu." Jamani! Jedwali la aina hiyo ukilidondosha ndani ya Hive, linafuta na faili zake. Tungebaki na metadata nzuri ya data isiyokuwepo. Nikawaambia hakuna mtu kugusa DROP, nikasimamisha huduma ya metastore, kisha nikaiondoa hifadhidata yao upande wa MySQL. Hapo inafutika orodha tu, faili hazijui hata kama kuna kitu kimetokea. Kama mtu ana jedwali moja la namna hiyo na anataka kulibakiza, `SET TBLPROPERTIES('EXTERNAL'='TRUE')`, na hiyo TRUE iandikwe kwa herufi kubwa.

Urejeshaji wenyewe sikuufanya moja kwa moja kwenye klasta. Faili la metadata ni dogo, data ni terabaiti lakini maelezo yake yanaingia kwenye bando la kawaida, sijui elfu tano au kumi ile. Nikalivuta kwenye laptopu, nikawasha MySQL ndani ya Docker (kama boksi la kuendeshea programu pembeni), nikalimwaga humo. Umeme wa ofisini ukakatika katikati, tukaendelea kwa betri na hotspoti ya simu. Faida ya kufanyia pembeni ni kwamba unaweza kujaribu ujinga wowote ulioshauriwa, na mimi niliujaribu makusudi ili nipate ushahidi.

Ujinga wa kwanza ulikuwa huu. Bakapu ilitoka Hive 2.3, na jedwali la VERSION lilisema 2.3.0. Klasta mpya ina Hive 3.1. Metastore ikakataa kuwaka kwa sababu matoleo hayalingani, na grupu zima likaandika kwa pamoja: weka `hive.metastore.schema.verification` iwe false. Nikaiweka. Ikawaka vizuri, watu wakatuma makofi ya emoji. Nikaomba orodha ya hifadhidata, ikalalamika haioni kolamu inayoitwa CTLG_NAME. Bila shaka haioni! Hive 3 ilileta katalogi (ngazi inayokusanya hifadhidata), ikaongeza jedwali la CTLGS na kolamu hiyo kwenye DBS, orodha ya hifadhidata. Kuzima ukaguzi hakutengenezi kolamu, kunakunyamazishia kengele tu.

Dawa ni schematool, zana ya Hive ya kupandisha muundo wa metastore kwenda toleo jipya, amri moja: `schematool -dbType mysql -upgradeSchema`. Inapitia 3.0.0 kwanza, kisha 3.1.0. Kwenye nodi za kukodi sikuruhusiwa kuiendesha, basi nikashusha Hive ya toleo lilelile kutoka Apache na kuielekeza kwenye MySQL yangu. Kiunganishi cha MySQL hakiji na Hive, unakitafuta mwenyewe na kukiweka kwenye folda ya lib.

Sasa tuje kwenye anwani, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Bakapu ilikuwa inakumbuka ndoo ya zamani. Kwa hilo kuna metatool, zana ya Hive ya kubadilisha anwani za faili: `-listFSRoot` inakuonesha mizizi ya hifadhidata, na `-updateLocation` inabadilisha. Anwani mpya inatangulia, ya zamani inafuata, kinyume na unavyofikiria, kwa hiyo tumia `-dryRun` kwanza na usome inachosema. Ikabadilisha DBS na SDS (orodha ya mahali faili zilipo), mistari mingi kwa sababu kila patisheni ina mstari wake. Nikafungua jedwali kupitia Hive, takwimu zikatoka mpaka za usiku ule. Bosi akapita nyuma yangu, akasema, "Dada, tumepona?" Nikasema ngoja kwanza.

Nilifanya vizuri kusema ngoja. Baada ya muda akapiga simu mtu wetu wa mauzo aliyekuwa Tandika: "Dada yangu, ripoti imefunguka, ila hii bei ya kreti ya soda ni ya kabla hatujapandisha." Nikauliza Hive bei ni ngapi, ikatoa mpya. Nikauliza Spark, jedwali lilelile, jina lilelile, ikatoa ya zamani. Hakuna kosa, hakuna onyo. Kaka mshauri akasema ni kache, yaani nakala ya muda. Tukasafisha kache. Akasema tuwashe Spark upya. Tukawasha. Kreti ikabaki na bei ya zamani.

Nikaacha kumsikiliza, nikarudi kwenye MySQL ya laptopu na kufanya kitu cha kishamba kabisa: nikalitoa faili lote la hifadhidata iliyokwisha rekebishwa, nikalitafuta jina la ndoo ya zamani kwa grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili). Likajitokeza kwa wingi, ndani ya SERDE_PARAMS, jedwali la vigezo vya kusoma faili! Kumbe jedwali lililotengenezwa na Spark kwa njia yake huandikwa anwani mahali pawili: LOCATION ya SDS, na tena kwenye SERDE_PARAMS chini ya ufunguo `path`. Hive inasoma ya kwanza, Spark inaamini ya pili. Na kwa kuwa ndoo ya zamani ilikuwa bado hai, Spark ilikwenda huko kwa heshima zote na kutuletea bei za mwezi uliopita. Ingekuwa imefutwa tungepata kosa na kuliona mapema. Mengine hata hayakuwa na anwani ya kweli kwenye SDS, yalikuwa na kitu kinachoishia na `-__PLACEHOLDER__`. Hayo msiyaguse kwenye SDS, rekebisheni `path` tu:

`UPDATE SERDE_PARAMS SET PARAM_VALUE = REPLACE(PARAM_VALUE, 'ndoo-ya-zamani', 'ndoo-mpya') WHERE PARAM_KEY = 'path';`

Kama mna majedwali ya Avro (aina nyingine ya faili za data), chungulieni na `avro.schema.url`, nayo ni anwani iliyojificha. Ile grep nimeiweka kwenye skripti: mpaka irudi mtupu, hakuna mtu wa kuambiwa tumepona.

Baada ya hapo nikapakia hifadhidata iliyorekebishwa kwenye MySQL ya nje ya klasta, nikabadilisha `javax.jdo.option.ConnectionURL` (anwani ya kufikia metastore) kwenye mipangilio, tukawasha.

Yalibaki majedwali machache yaliyozaliwa Ijumaa mchana, baada ya bakapu. Niliyapata kwa kulinganisha folda za kwenye ndoo na LOCATION za SDS, folda isiyo na mwenyewe ndiyo jedwali lililopotea. Faili za Parquet (aina ya faili za data) hubeba skima yake, yaani majina na aina za kolamu, mwishoni mwa faili, hivyo Spark ilizisoma na kuniambia kolamu bila kubahatisha. Nikayaandika upya, EXTERNAL safari hii, na hapo sasa ndipo nilipoendesha MSCK REPAIR TABLE, ikasajili patisheni zao vizuri tu. Nilituma picha ya skrini kwenye grupu. Kaka mshauri akajibu, "Si nilisema."

MySQL ya nje inatugharimu kitu kama chakula cha mchana cha ofisi kwa wiki, labda na chenji. Ndoo ya zamani niliomba ifutwe siku ileile, na uhasibu, kwa mara ya kwanza, waliidhinisha kabla sijamaliza sentensi.